Pedi ya goti haijui umeruka mara ngapi

Jamani leo niliseme hili nimalize, maana mzazi wa mchezaji wa voliboli akiniuliza tena "kocha, mwanangu nimemnunulia pedi nzuri kabisa, mbona goti bado linamuuma?" nitalia. Pedi ni ya sakafu! Ukidaivu kuokoa mpira goti lisigonge na ngozi isichubuke, basi, kazi yake imeisha. Anayeumwa chini ya pia ya goti mara nyingi hajaanguka popote, ameruka sana, hata umvalishe pedi tatu tatu.

Wanaokua ndo zaidi. Pale kano ya goti inaposhika kwenye muundi bado hapajakomaa, kila mruko unapavuta, panatoka kinundu ukikigusa tu mtoto anashtuka. Inaitwa Osgood-Schlatter. Mara nyingi huisha mifupa ikikomaa, ila kumwambia "acha uvivu" siyo tiba.

Sasa kutua, hapa ndo naomba mnisikilize. Mrekodi kwa simu kwa mbele, mwendo wa polepole. Ukiona magoti yanaingia ndani yanatafutana, au anashukia mguu mmoja goti limenyooka kama mti, umeshapata kazi ya wiki nzima. Mimi hata nikigeuka nasikia, kishindo kikiwa kikubwa najua misuli imelala. Miguu miwili, magoti yakunjike yafuate vidole, makalio nyuma kidogo. Tunaanza bila mpira, halafu na mpira, halafu mwenzake anamsukuma bega kidogo akiwa hewani, kwa sababu kwenye mechi nani anatua kwa raha zake?

Vifundo vya miguu vinateguka sana pale wavuni, unashukia mguu wa mpinzani au wa mwenzako wa bloku, mnayeruka naye kuzuia mpira. Na sheria inaruhusu mguu uvuke mstari wa kati mradi sehemu yake iguse mstari au iwe juu yake, yaani bila faulo yoyote mguu wa mtu unaweza kuwa chini yako. Kwa hiyo seti zinazobana wavu, yaani mpira wa kupigwa ukiinuliwa karibu mno na wavu, mimi nagomba, na smasha, yule mpigaji, aruke kwenda juu, siyo mbele. Aliyewahi kuteguka afanye mazoezi ya balansi ya mguu mmoja na avae bresi ya kifundo, kile kifaa cha kukishikilia kisipinde, hiyo inasaidia kweli, sichukii vifaa vyote.

Kunyoosha misuli tuli, umetulia bila kujongea, dakika nzima kabla ya kuruka? Wekeni mwisho wa mazoezi.

Mnaniuliza aruke mara ngapi kwa wiki. Namba ya uhakika haipo, anayekupa anabahatisha. Naangalia asubuhi ya pili: akishuka ngazi goti linauma kuliko jana, napunguza miruko, skwati za taratibu zinaendelea. Shida kocha wa shule anahesabu yake, wa klabu yake, goti linahesabu zote. Na nikiri, timu zangu zinazofanya balansi, nguvu na kutua kila siku kabla ya mazoezi huumia mara chache zaidi, lakini kipi kati ya hivyo kinafanya kazi siwezi kukutajia kwa kiapo, ndo maana sikatai hata kimoja, hata mkinilalamikia mnataka kuanza gemu.