Nani anashika kamera ndani ya goti langu? Maswali kuhusu madaktari wanaosomea upasuaji wa viungo

Ukiumia goti uwanjani au kwenye bodaboda ukapelekwa hospitali ya rufaa na mafunzo, iwe Jaramogi hapa Kisumu (wengi wetu bado tunaiita Russia) au Moi kule Eldoret, daktari bingwa hatakuja peke yake. Atakuwa na madaktari wanaosomea ubingwa wa mifupa, na huenda mmoja wao akashika kamera katika upasuaji wa goti wa matundu madogo. Ndipo mgonjwa anaanza kujiuliza maswali, na ana haki ya kupata majibu.

Huu upasuaji wa matundu madogo ni upi hasa?

Goti halifunguliwi lote. Daktari hutoboa matundu mawili chini ya pia ya goti, kila moja likiwa dogo kuliko sentimita moja. Kwenye moja huingia mrija wa kamera wenye unene wa milimita 4 hivi. Kwenye la pili huingia vifaa vya kazi: ndoana ya kupapasia, koleo, mkasi, au mashine ndogo ya kunyoa gegedu iliyochanika. Maji ya chumvi hupitishwa ndani ili kiungo kipanuke na damu isizibe picha, na daktari hutazama yote kwenye skrini.

Si jambo la juzi. Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa njia hii mwaka 1918, na mwaka 1962 Masaki Watanabe, Mjapani mwenzake, akafaulu kuondoa kipande cha meniskasi bila kulipasua goti. Meniskasi ni gegedu mbili zenye umbo la hilali zinazokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi.

Kama ni matundu mawili tu, mbona kujifunza ni kazi kubwa?

Kwa sababu macho yako kwenye skrini ilhali mikono iko kwingine. Picha ni bapa, haionyeshi kina. Daktari hujiona kama kinyozi anayejinyoa kisogo kwa kutazama kioo: anajua anakotaka kwenda, lakini mkono unaelekea upande mwingine. Kazi ya kwanza ngumu ni kuikutanisha ncha ya ndoana na ncha ya kamera mahali pamoja, ndani ya nafasi finyu, bila kukwaruza gegedu laini inayofunika mifupa. Gegedu hiyo ikichubuka haioti tena vizuri, na hapo ndipo uzembe wa mkono unapomwachia mgonjwa madhara ya kudumu.

Kuna na lingine ambalo watu wa nje hawalijui. Lenzi ya kamera haitazami mbele moja kwa moja. Kwa kawaida imeinama nyuzi 30. Ukizungusha waya wa taa bila kusogeza mrija, unaona pembe ambayo hukuwa ukiiona. Anayeanza husahau, akaizungusha kamera yote, picha ikapinduka, asijue tena juu ni wapi na chini ni wapi. Ukimwona mtu ametulia na picha yake imesimama wima huku kidole kimoja kikizungusha taa, ujue amefanya mazoezi.

Na hayo mazoezi wanayafanyia wapi, juu yetu?

Hasha, yasianzie kwa mgonjwa. Kuna magoti ya plastiki, kuna mashine za kompyuta zinazoigiza kiungo, kuna magoti ya maiti zilizotolewa kwa ajili ya masomo, na kuna magoti ya nguruwe au ng'ombe. Mashine za kompyuta ni ghali mno, lakini wapo waliotengeneza kisanduku cha mazoezi kwa kamera ya kawaida ya kompyuta: sanduku limefunikwa, lina matundu mawili, na ndani kuna kazi ndogondogo. Gusa namba kwa ncha ya ndoana, kwa mpangilio. Hamisha pete kutoka kijiti hiki hadi kile. Pitisha uzi kwenye tundu. Badili mikono, rudia. Mwalimu huangalia muda uliotumika, safari ambazo vifaa vimekwenda bure, na mara ngapi vimegonga pasipotakiwa.

Naamini kila hospitali ya mafunzo magharibi mwa Kenya inastahili kisanduku cha namna hii, na saa chache za wiki zilizotengwa kwa ajili yake. Sanduku, kamera na goti la ng'ombe kutoka buchani si vitu vya kusubiri mfadhili.

Siku ya thieta basi, anaanza na nini?

Anaanza kwa kushika mguu. Usidharau kazi hiyo: asipoukunja na kuusukuma ipasavyo, upande wa ndani wa goti haufunguki na mwenye kamera haoni kitu. Baadaye hupewa kamera, atembelee goti lote kwa mpangilio uleule kila siku asiache kona. Kisha ndoana, kisha kupunguza meniskasi iliyochanika. Kuunda upya kano ya ndani ya goti, ile inayowakatikia wanasoka, huja mwishoni. Mwalimu yuko kando yake, na mambo yakikwama hupokea vifaa mwenyewe.

Ni miaka mingapi?

Digrii ya udaktari miaka 6, mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi, kisha ubingwa. Kwa njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ubingwa wa mifupa ni miaka 5.

Mama yangu ana miaka 65 na goti limechakaa. Afanyiwe?

Kwa kawaida, hapana. Mwaka 2002 watafiti wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa. Baadhi walisafishwa goti kwa kamera, wengine walikatwa ngozi tu. Baada ya miaka miwili maumivu yao hayakutofautiana. Kujua nani asipasuliwe ni sehemu ya masomo vilevile. Mama atasaidiwa zaidi na mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito ikiwa umezidi, na dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari.

Naweza kuuliza nani atanipasua?

Uliza kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa. "Daktari, nani atashika vifaa, na wewe utakuwepo mwanzo hadi mwisho?" Hakuna ukosefu wa adabu hapo. Jina la bingwa unaweza pia kulitafuta kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC.

Nikisharudi nyumbani, nirudi hospitali lini?

Siku hiyohiyo, ukiona homa, usaha kwenye matundu, goti linalozidi kuvimba na kuuma badala ya kupungua, au shavu la mguu kuvimba na kuuma. Ukipungukiwa pumzi au kifua kikibana, usingoje asubuhi.