Kusukuma mafuta ndani ya tundu refu: mtambo wa kujitengenezea katika karakana ya Mbeya

Tundu ambalo kina chake kinazidi kipenyo chake zaidi ya mara kumi halitobolewi kama matundu mengine. Katika karakana yetu hapa Mbeya, kazi ya namna hiyo huja kama shafti ndefu inayotakiwa kupitishiwa njia ya grisi katikati, na fundi mwenye keekee ya kawaida hulazimika kuichomoa kila baada ya milimita chache ili atoe chembe za chuma. Watengenezaji wa mitutu ya bunduki walilimaliza tatizo hili zamani kwa keekee ndefu yenye makali upande mmoja, tundu dogo ndani yake na mfereji ubavuni. Mafuta husukumwa kupitia lile tundu hadi kwenye makali, kisha hurudi kwa mfereji yakizikokota chembe. Sisi tunaitumia mbinu hiyo kwa shafti, na lethi, yaani mashine inayozungusha chuma kinapokatwa, inaturahisishia kazi, kwa kuwa shafti ndiyo inayozunguka na keekee imetulia, hivyo mpira wa mafuta unafungwa moja kwa moja kwenye shina lake.

Mafuta haya hupoza na kulainisha, lakini kazi yake kubwa ni kusafirisha. Ndiyo maana pampu ndogo inayokuja na lethi, ambayo kwa kawaida haifiki hata bar 1 (bar ni kipimo cha presha), haiwezi kazi hii. Keekee ya milimita 10 huhitaji takriban bar 50 na lita 12 kwa dakika. Pampu ya gia ya haidroliki inayotoa sentimita za ujazo 8 kwa kila mzunguko, ikiendeshwa na mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, hutoa lita 11.6. Ukizidisha bar kwa lita kisha ukagawa kwa 600 unapata karibu kilowati 1, na kwa sababu pampu yenyewe hupoteza nguvu kiasi, mota ya kilowati 1.5 inatosha. Tumia mafuta halisi ya kukatia chuma, si yale meupe ya kuchanganywa na maji, kwa kuwa gia za pampu hulainishwa na kile kile zinachokisukuma.

Upande wa kuvuta ndio unaodharauliwa, na kwa nyanda zetu za juu ndio unaoua pampu. Kwa kweli pampu haivuti mafuta; hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kuingia. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na msukumo huo wa hewa ni takriban asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam. Ongeza asubuhi za Juni na Julai, mafuta yakiwa mazito kwa baridi, na pampu iliyowekwa juu ya tangi italia kana kwamba inatafuna changarawe. Sauti hiyo ni ya mapovu yanayopasuka ndani yake na kuzila gia. Kwa hiyo sisi huiweka pampu chini ya usawa wa mafuta ili yaiingie yenyewe, na bomba la kuingilia huwa la inchi 1, lisilo na kona nyingi. Katika bomba la nusu inchi mafuta yale yale hulazimika kukimbia takriban mara nne zaidi.

Valvu ya usalama lazima ikae mara tu baada ya pampu, kabla ya kitu chochote kinachoweza kufungwa, na mafuta inayoyaachia yarudi kwenye tangi. Mafuta yanayotoka kwenye shafti nayo yapite kwenye wavu, kisha kwenye chujio, kwa sababu chembe moja ikirudi kwenye pampu huchora gia. Mpira uwe wa haidroliki wenye nyuzi za chuma na vichwa vya kubanwa kwa mashine. Klipu za bomba la maji hazina nafasi hapa. Kwa bar 50, mafuta yanayochirizika kwenye ufa mdogo yanaweza kupenya ngozi, kwa hiyo uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono.

Geji ya presha iwe mahali ambapo fundi anaiona bila kugeuza shingo. Mshale ukitulia na chembe fupi zikatoka mfululizo, endelea. Mshale ukianza kupanda, mfereji unaziba: simamisha mwendo wa keekee mara moja, uache mafuta yaendelee kusukuma, na usirudi kukata mpaka presha ishuke ilipokuwa.