INR Imepanda Lakini Mgonjwa Havuji Damu: Maswali ya Wauguzi

Swali: INR ni nini?

Jibu: Ni kipimo kinacholinganisha muda ambao damu ya mgonjwa hutumia kuganda na ule wa damu ya kawaida. Asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda huwa karibu na 1, ilhali anayetumia wafarini, mojawapo ya dawa hizo, kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni kwa kawaida hulengwa kati ya 2 na 3. Mwenye valvu bandia ya chuma moyoni anaweza kuhitaji zaidi.

Swali: Majibu ni 6, lakini mgonjwa anakula na kuzungumza vizuri. Je, apewe wafarini ya jioni, kisha daktari ajulishwe asubuhi?

Jibu: Hapana. Zuia dozi hiyo na umpigie daktari sasa hivi. Namba hiyo haisemi damu kiasi gani imekwisha kumwagika. Inaonya jinsi itakavyokuwa vigumu kuizuia ikianza.

Swali: Hata kama havuji popote?

Jibu: Hata kama havuji popote. Damu inayovuja ndani ya fuvu haichafui shuka. Mara nyingi nimekuta majibu ya namna hii yamebanwa vizuri ndani ya faili, na pembeni yake kuna saini ya aliyetoa wafarini jioni ileile. Faili nadhifu halimkingi mgonjwa. Wakati unamsubiri daktari, kagua fizi, mkojo, rangi ya choo na michubuko, muulize kama ameanguka au kichwa kinamuuma, usimchome sindano ya msuli, na uangalie dawa alizoongezewa karibuni, kwa maana metronidazo na kotrimoksazoli hupandisha INR.

Swali: Je, kipimo kinaweza kudanganya?

Jibu: Kinaweza, na mara nyingine tunakidanganya wenyewe. Chupa ya kifuniko cha bluu isiyojazwa hadi kwenye mstari huwa na sitrati (kemikali ya kuzuia damu kuganda ndani ya chupa) nyingi kupita kiasi kwa damu iliyomo, hivyo muda wa kuganda huonekana mrefu kuliko ulivyo. Rudia sampuli, lakini wafarini isitolewe mpaka majibu mapya yasomwe na daktari atoe maelekezo.

Swali: Na mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani?

Jibu: Apigiwe simu siku hiyohiyo, aelezwe asimeze dozi inayofuata kabla ya kupewa maelekezo ya daktari, na akisema amejigonga kichwa au anatoa choo cheusi, aletwe mara moja, bila kungoja siku ya kliniki.