Cheni ya katapila ipimwe ikiwa na tope lake

Neno katapila tumelichukua kutoka jina la kampuni, tukalipa kila mashine inayotembea kwa cheni: buldoza, ekskaveta, hata zile ndogo za kuchimbia mitaro. Kwa hiyo nikisema cheni hapa, namaanisha mkanda wote wa chuma: pingili, pini zinazoziunganisha, bushi (mirija ya chuma ambamo pini huzunguka) na viatu, yaani mabati mazito yanayokanyaga ardhi, vilivyofungwa juu yake kwa bolti. Inazungushwa na sproketi, gurudumu lenye meno, nyuma na kuongozwa na gurudumu la mbele ambalo gereji nyingi huliita aidla. Rola za chini hubeba mashine, na rola za juu hubeba cheni isining'inie.

Kwenye buldoza, sehemu hii ya chini hula karibu nusu ya gharama yote ya matengenezo. Jambo linaloiua mapema kuliko yote halihitaji spea hata moja kulirekebisha, maana ni cheni iliyokazwa kupita kiasi. Madereva wengi huogopa cheni iliyolegea kwa sababu wanaiona ikicheza na kusikia ikigonga. Iliyokazwa sana haipigi kelele, inasaga tu, siku baada ya siku.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoshawishi. Mvuto wa cheni kati ya rola mbili hupatikana hivi: uzito wa mita moja ya cheni, zidisha kwa urefu wa nafasi ulioinuliwa kwa kipeo cha pili, kisha gawanya kwa mara nane ya mlegeo, yaani kina ambacho cheni inashuka katikati ya nafasi hiyo. Tuchukulie ekskaveta ya tani 20 yenye cheni ya kilo 140 kwa mita, na nafasi ya mita 1.5. Mlegeo ukiwa mm 50, cheni inavutwa kwa nguvu ya takriban kilo 790. Ukiukaza hadi mm 25, inafika kilo 1,575. Ukifika mm 12.5, mlegeo ambao dereva ataangalia na kusema "sasa imekaa vizuri", ni kilo 3,150. Mashine bado haijasukuma hata koleo moja la udongo, na kila pini tayari inasagana na bushi yake chini ya mzigo mara nne ya ule wa mlegeo wa mm 50.

Na pini haisagani popote tu. Pingili ikiwa imenyooka, pini imetulia. Inazunguka ndani ya bushi pale tu cheni inapojikunja, yaani kwenye aidla na kwenye sproketi. Kila mzunguko wa cheni, kila kiungo kinajikunja na kujinyoosha hapo na hapo, na kila mara mvuto ule wa kilo 3,150 unakikandamiza. Pini na bushi zikilika, nafasi kati ya pingili hupanuka; ndiyo maana cheni iliyokazwa hurefuka haraka.

Sasa tope. Ule udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata masika, hukaa kwenye mashimo ya meno ya sproketi na kushindiliwa na bushi mpaka unakuwa kama tofali. Fikiria ni mm 3 tu za udongo. Cheni inazunguka nusu duara ya sproketi, kwa hiyo njia yake imerefuka kwa 3 mara 3.14, karibu mm 9.4. Aidla nayo ikishika mm 3, ongeza 9.4 nyingine. Jumla ni kama mm 19.

Je, cheni ilikuwa na akiba ya urefu kiasi gani? Hapa wengi hushangaa. Mlegeo wa mm 50 kwenye nafasi ya mita 1.5 ni urefu wa ziada wa mm 4.4 tu. Ukiwa na rola mbili za juu unapata nafasi tatu, na hata zote zikiwa na urefu huo, akiba yote ni mm 13. Tope limedai 19. Mlegeo umemezwa wote, na bado kuna deni la mm 6.

Mtu atasema: si kuna springi nyuma ya aidla? Ipo, lakini kazi yake ni kupokea pigo, kwa mfano jiwe likibanwa kati ya cheni na sproketi. Imeshabanwa kiwandani kwa nguvu ya tani kadhaa na haisogei hata nywele moja mpaka nguvu ya aidla ivuke kiwango hicho. Kwa hiyo akiba ikiisha, mvuto unapanda ghafla kutoka mamia ya kilo hadi matani. Nguvu ya aidla hugawanywa kwa mikondo miwili ya cheni, wa juu na wa chini, basi kila mmoja unabeba nusu ya kile springi inachodai. Mashine inakuwa nzito kukata kona, na dereva analaumu injini.

Kwa sababu hiyo nasema cheni ipimwe na irekebishwe ikiwa na udongo ule ule inaofanyia kazi. Ukiiosha ikang'aa karakana, ukaiweka kwenye mlegeo wa kitabu, kisha ukairudisha kwenye tope, umeikaza bila kujua. Kuosha kuna wakati wake, nitafika huko.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Kwa ekskaveta, hakikisha kwanza sproketi iko nyuma. Kiti cha dereva kikizunguka, nyuma na mbele hubadilika na watu husahau. Tembea mbele polepole, kama mara mbili ya urefu wa mashine, halafu iache isimame yenyewe bila kukanyaga breki. Ukienda mbele, sproketi huvuta cheni ya chini, na ulegevu wote hukusanyika juu, pale unapotaka kuuona. Laza fito ya chuma iliyonyooka juu ya meno ya viatu, kutoka rola ya juu hadi aidla. Pima kutoka upande wa chini wa fito hadi ncha ya kiatu kilichoshuka zaidi. Vitabu hutofautiana: kwa mashine za tani 20 kimoja kitakuambia mm 10 hadi 30, kingine mm 40 hadi 55, na buldoza zenye sproketi ya juu huruhusu zaidi ya mm 100. Usiazime kipimo cha mashine ya jirani.

Watengenezaji wengine wa ekskaveta wana njia yao: geuza kabini upande, sukuma bumu chini mpaka cheni ya upande mmoja inyanyuke, izungushe kidogo, kisha pima katikati, kutoka chini ya fremu hadi mgongo wa kiatu. Hapo namba ni kubwa, kama mm 300 na ushee. Mtu asiwe chini ya cheni wakati inazungushwa, na fremu ikae juu ya mbao imara kabla ya mkono kuingia.

Kifaa kinachokaza ni uvumbuzi wa kupendeza kwa wepesi wake. Benjamin Holt alipoijaribu trekta yake ya mvuke yenye cheni karibu na Stockton, California, Novemba 1904, tatizo lilikuwa mashamba laini ya delta, ambako magurudumu yalizama hata yakipanuliwa. Cheni ikatatua hilo na kuleta jipya: ikilika hurefuka, lazima aidla isogezwe. Kwa miaka mingi ilisogezwa kwa skrubu ndefu, ambazo zikishika kutu hazifunguki ila kwa moto. Siku hizi kuna silinda yenye pistoni. Unaingiza grisi kwa pampu ya mkono kupitia nipeli, pistoni inasukuma aidla mbele, basi. Grisi haibanwi, haikimbii, na haishiki kutu.

Ila hapo hapo pana hatari iliyojeruhi mafundi wengi. Ndani ya silinda grisi iko chini ya shinikizo kubwa sana. Ukitaka kulegeza, fungua vali mzunguko mmoja tu, usizidishe. Simama pembeni ya tundu, kamwe usiweke uso mbele yake. Grisi ikikataa kutoka, usiendelee kufungua vali ukidhani imekwama. Ifunge, mwambie dereva aende mbele na nyuma polepole, jaribu tena. Vali iliyofunguliwa yote hutoka kama risasi. Na mkondo mwembamba wa grisi ukipenya ngozi, kidonda chaweza kuonekana kama tundu la sindano lakini ndani nyama inakufa. Ni hospitali saa ile ile, si kesho. Springi nayo isifunguliwe bila mashine ya kuibana. Hakuna mbadala wa hilo, hata cheni ya kunyanyulia mizigo haitoshi.

Ukishakaza au kulegeza, tembeza mashine mbele na nyuma na upime tena. Grisi ikiingia leo na kesho mlegeo umerudi, tazama tundu la nyuma ya aidla. Grisi mbichi hapo inaonyesha sili ya pistoni imekwisha, au kuna punje ya mchanga kwenye kiti cha vali.

Pistoni ikiwa imefika mwisho na cheni bado inaning'inia, usikimbilie kukata pingili. Pima kwanza. Bana kipande cha pini ya zamani kwenye jino la sproketi, rudisha mashine taratibu mpaka cheni ya juu inyooke kabisa, kisha pima urefu wa pingili nne, kutoka ukingo wa pini ya kwanza hadi ukingo ule ule wa pini ya tano. Ekskaveta ya tani 20 ikiwa mpya ina pingili ya karibu mm 190, kwa hiyo nne ni mm 760 na kitu. Ukisoma 772, kila pingili imefika 193 na cheni hiyo imemaliza safari. Kukata pingili moja kutaondoa ulegevu unaoonekana, lakini hakutarudisha nafasi kati ya bushi na bushi. Sproketi bado ina nafasi za zamani, bushi zinapanda kwenye ncha za meno, na meno yanachongoka kama ya papa.

Sproketi nyingi za ekskaveta hizo zina meno 21, idadi isiyogawanyika kwa mbili, na bushi hukalia jino moja na kuruka moja. Mzunguko huu zinakalia meno haya, unaofuata zinakalia yale yaliyorukwa, hivyo kila jino hupumzika mara moja kati ya mizunguko miwili. Cheni iliyorefuka huharibu mpango huo mzuri.

Kurudi nyuma pia kunagharimu. Mashine ikienda kinyumenyume, mvuto mkubwa unahamia cheni ya juu, na bushi huingia kwenye jino huku ikizunguka chini ya mzigo, ikijisaga upande mmoja. Buldoza ya kusukuma udongo lazima irudi, lakini si lazima irudi kwa gia ya kasi. Bushi za buldoza zilizolika upande mmoja zinaweza kutolewa kwa presi na kugeuzwa nyuzi 180, mradi zifanyiwe hivyo kabla hazijapasuka.

Na kuosha, nilikoahidi kufika: jioni, udongo ukiwa bado mbichi. Toa tope kwa koleo kwenye sproketi, kuzunguka rola za juu na chini ya aidla. Ukiliacha lilale usiku, asubuhi limekauka, rola ya juu haizunguki, na cheni inaburutwa juu yake. Baada ya siku chache rola ina bapa upande mmoja, na haitazunguka tena hata ukiisafisha. Mlegeo wa usafi huo wa jioni utaonekana mkubwa kuliko wa kitabu. Usiuguse; asubuhi fanya kazi kama saa moja ndipo upime, kushoto na kulia, uandike namba zote mbili kwenye daftari la mashine pamoja na saa za mita.