Usinunue hanesi ya mbwa kwa kilo

Ukutani karakanani kwangu zimetundikwa karatasi ngumu ninazokatia hanesi, kila moja na umbo la mbwa wake. Ya labrado imechakaa pembe zote kwa kuchorewa kalamu miaka nenda miaka rudi, lakini siku hizi imeshika vumbi. Inayochakaa sasa ni ya buldogi wa Kifaransa. Nimeshaikata upya mara mbili. Orodha za American Kennel Club, shirika la kusajili mbwa la Marekani, zinasema yaleyale: nchini Marekani labrado aliongoza miaka 31 mfululizo, mpaka buldogi huyo alipomng'oa mwaka 2022. Na hayuko peke yake. Daksundi, yule mrefu wa miguu mifupi, anapendwa kuliko zamani, malinwa wa Ubelgiji ametoka kwenye kambi za polisi na kuingia majumbani, na kane korso, jitu la kulinda nyumba ambalo shirika hilohilo lililitambua rasmi mwaka 2010 tu, sasa naletewa kila mara.

Kwa asiyeizoea, hanesi ni ile mikanda inayomzunguka mbwa kifuani na mbavuni, kamba ikafungwa hapo badala ya kwenye kola ya shingoni.

Mbwa huchaguliwa kwa macho. Watafiti waliolinganisha filamu za mbwa na rekodi za usajili walichapisha mwaka 2014 kwamba filamu iliyopendwa inaweza kuendelea kuwavuta watu kwenye mbegu fulani hadi miaka 10 baada ya kutoka. Sina ugomvi na hilo, kila mtu na kipenzi chake. Shida yangu mimi fundi ni kwamba fasheni ikibadilika, mwili wa mbwa nao umebadilika, ila viwanda vingi vinaendelea kukata hanesi kwa mbwa mmoja wa wastani, kisha vinamkuza na kumpunguza kama picha. Ndiyo maana kwenye lebo unakuta kilo.

Basi chukua mbwa watatu wa kilo 12 kila mmoja: buldogi wa Kifaransa, wipeti (yule mbwa mwembamba wa mbio) na daksundi mkubwa. Kwa lebo hao ni saizi moja. Mezani kwangu hawawezi kuazimana hata kola.

Buldogi ni pipa lenye miguu. Kifua kipana, mgongo mfupi, shingo imejaa hadi hujui kichwa kimeishia wapi. Kwa huyu nasema bila kusita: kamba isifungwe shingoni. Ufupi wa pua umeshambana njia ya hewa, matundu ni membamba na kaakaa laini limezidi nafasi iliyopo, ndiyo maana anakoroma hata akiwa macho. Kumkaba koo juu ya hayo ni kumziba mtu anayepumulia mrija. Macho nayo yanahusika. Utafiti wa mwaka 2006 ulipima shinikizo ndani ya jicho wakati mbwa anavuta. Lilipanda alipovutia kola, halikupanda alipovutia hanesi. Mbwa ambaye macho yake tayari yamechomoza hahitaji nyongeza hiyo.

Lakini hanesi wanazonunuliwa wengi wao zina tundu moja la kupitishia kichwa, na kichwa cha buldogi kinataka tundu kubwa. Kikishapita, tundu linabaki limepwaya, hanesi inalala upande mmoja na mkanda wa mbavuni unazama kwapani. Nililetewa dume mmoja wa miezi kumi, nyuma ya mguu wa kushoto ana kipara cha ukubwa wa kidole gumba, ngozi nyekundu inang'aa. Mwenyewe alidhani ni upele, mwezi mzima anapaka dawa. Nilimvalisha mbwa hanesi yake, nikaunyoosha mguu wake mbele, nikaurudisha. Upindo wa mkanda ulipita juu ya kipara kilekile, kwenda na kurudi, kama msumeno. Hakuna aliyesema neno. Nilimshonea nyingine yenye klipu shingoni, isiyopita kichwani kabisa, na mkanda wa mbavuni nikausogeza nyuma vidole viwili kutoka kwapa.

Halafu kuna zile fulana za kitambaa kizito zenye maua na tai. Zinapendeza kwenye picha, sikatai. Ila mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama sisi, anapoa kwa kuhema, na kuhema ndiko kunakomshinda buldogi. Mimi humpa mikanda na sponji nyembamba, kifua kibaki wazi.

Wipeti anageuza kila kitu. Kichwa chembamba kuliko shingo, kifua kimeshuka chini, kiuno cha nyigu. Na akishtuka hakimbilii mbele, anarudi kinyumenyume. Wa kwanza niliyemshonea nilijisifu sana, maana mezani hanesi ilimkaa kama ngozi ya pili. Jioni ileile nikapigiwa simu: honi imelia, mbwa amerudi nyuma hatua tatu, ameinamisha kichwa, amechomoka kama mkono kwenye shati. Kamba ilibaki mkononi na hanesi yangu nzuri inaning'inia. Alipatikana kesho yake asubuhi, mzima, mchafu. Tangu siku ile wipeti na greihaundi, ndugu yake mkubwa, nawawekea mkanda wa pili wa kuzunguka mwili, nyuma zaidi, pale mbavu zinapoishia na kiuno kinaanza kukatika. Mzunguko wake ni mdogo kuliko kifua, kwa hiyo hata arudi nyuma vipi kifua hakipiti. Mbwa yeyote mwoga, hata awe wa mbegu gani, namshauri mwenyewe aichukue hiyohiyo. Na kabla hujatoka nje ya geti, simama mbele yake, mvute taratibu kuja kwako huku yeye akikataa. Ikianza kupanda kuelekea masikioni, rudi ndani ukaze.

Daksundi watu hudhani kazi ni urefu tu. Kazi kubwa iko chini: kidari chake kimechomoza katikati ya miguu kama mkuku wa jahazi. Mkanda wa kifuani ukiwa mfupi unauvuta ule wa mbavuni mbele hadi makwapani, na miguu yenyewe ilivyo mifupi, kila hatua ni msuguano. Mrefushie kipande cha kifuani mpaka mkanda wa mbavuni uangukie kwenye mbavu ngumu, usifike tumbo laini. Kisha kuna uti wa mgongo. Mwili huu wa miguu mifupi huja na diski zinazokauka mapema, na ikipasuka moja mbwa anaweza kupooza miguu ya nyuma. Hanesi haizuii hilo, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Inachoweza ni kumpunguzia mishtuko ya shingo. Ila ukiona ina kishikio mgongoni, usimnyanyue nacho kama mkoba. Miguu ya nyuma ikining'inia, uzito wote unaning'inia kwenye uti huohuo. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Daksundi sasa nawashonea bila kishikio, wateja wanune wasinune.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: hanesi ipi itamzuia kuvuta? Jibu haliwapendezi. Hanesi ilibuniwa ili mnyama avute. Dawa ya dondakoo ilipofikishwa Nome, Alaska, mwaka 1925, mbwa wa haski na wenzao waliikokota kwa kupokezana zaidi ya kilomita 1,000 za barafu, wakisukuma mikanda kwa vifua bila kukabwa koo. Ukimfunga haski wako kamba kwenye pete ya mgongoni, umempa kifaa cha ukoo wake. Atakushukuru kwa kukuburuta.

Pete ya kifuani inasaidia kwa njia nyingine: akivuta, anageuzwa ubavu na mwendo unakatika. Kwa kane korso dume, ambaye kilo 45 na zaidi ni kawaida yake, hiyo ndiyo inamwezesha mtu mwembamba kutembea naye. Ila ni ya matembezi tu. Mbwa anayekimbia huku kifua kinavutwa upande mmoja anakanyaga vibaya. Malinwa nao wana desturi nzuri inayotoka kwa wakufunzi wao: hanesi ya kufuatia harufu huvalishwa wakati wa kazi hiyo, kola huvalishwa wakati wa utii. Mbwa hujua leo ni kazi gani kabla hujafungua mdomo.

Kwa hawa wakubwa, usiangalie sponji wala rangi. Fuata njia ya nguvu kwa kidole: anzia kwenye pete ya kamba, pitia mkanda hadi kifuani, uone kama katikati kuna klipu ya plastiki iliyobeba mzigo peke yake. Kama ipo, iache dukani. Pia tazama mshono wa kwenye pete. Nautaka mraba wenye msalaba ndani, uzi mnene, si mstari mmoja uliopigwa kwa haraka. Upana wa mkanda, mimi hutumia milimita 15 kwa vidogo, 25 kwa wa kati na 40 kwa majitu.

Kupima hakuna siri. Mbwa asimame, asiketi, maana akiketi kifua hutanuka na mgongo hujikunja. Utepe wa kwanza uzungushe chini kabisa ya shingo, inapokutana na mabega, si pale kola inapokaa. Wa pili pale kifua kilipo kipana kuliko kwingine. Wa tatu hunyooka, kutoka ncha ya kidari kupita katikati ya miguu ya mbele hadi vidole viwili nyuma ya kwapa, na huo ndio wengi huusahau. Mwenye manyoya mengi kama pomereniani, mloweshe kwanza au zamisha utepe hadi ngozini, la sivyo utapima hewa.

Kuhusu umbo, nilikuwa mhubiri wa ile inayofanya herufi Y kifuani. Niliwaambia watu kwamba yenye mkanda mlalo inafunga mabega na ya Y inayaacha huru. Kisha mwaka 2019 ukachapishwa utafiti uliopima mabega ya mbwa wakitembea na kukimbia taratibu. Aina zote mbili zilipunguza jinsi bega linavyofunguka, na ile inayoitwa huru ndiyo iliyopunguza zaidi. Mbwa waliopimwa walikuwa wachache, lakini ilinibidi nimeze mate. Bado naipenda ya Y, kwa sababu inakaa kwenye mfupa wa kidari na haipandi kooni. Maneno ya "mabega huru" nimeyaacha. Siku hizi namwambia mteja amtembeze mbwa bila kitu, kisha amvalishe amtembeze tena, tuangalie wote wawili kama hatua imefupika.

Wale machotara wa labrado na pudo, waliopata umaarufu Australia baada ya mwaka 1989 walipozalishwa kwa ajili ya kuongoza wasioona, wana lao peke yao: manyoya yanasokotana chini ya mikanda hadi yawe kama zulia, na ngozi chini yake haipati hewa. Wavue hanesi mkifika nyumbani, uchane makwapa na kifua. Naam, kila siku.

Yule buldogi mwenye kipara alirudi baada ya wiki tano. Manyoya yameota, mafupi na meusi kuliko ya jirani zake, na kifua kimetanuka hadi mkanda umefika mwisho wa kulegezwa. Nimeshamchukulia vipimo vipya, hanesi yake iko mashineni.