Ngome ya Kairo: si kila jiwe ni la Salahuddin

Simama Bab Zuweila, lango la kusini la Kairo ya kale, utazame upande wa kilima cha Muqattam. Utaona kuba kubwa na minara miwili myembamba juu ya ngome. Wageni wengi huelezana kwamba ule ni msikiti wa Salahuddin, sultani wa Misri wa karne ya 12. Sivyo. Ulianza kujengwa mwaka 1830, Salahuddin akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka 600. Mwenye msikiti ni Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri wa karne ya 19, aliyeujenga kwa mtindo wa Istanbul baada ya kubomoa majumba ya Wamamluki, tabaka la askari wa asili ya utumwa waliowahi kuitawala Misri.

Wala Salahuddin hakutawala akiwa humo. Ujenzi aliuanzisha kweli, mwaka 1176, pamoja na ukuta uliokusudiwa kuikumbatia Kairo na Fustat, mji wa kale jirani yake, kwa pamoja. Lakini mwaka 1182 alikwenda Shamu, na Misri hakurudi tena. Alifia Damascus mwaka 1193. Wa kwanza kuifanya ngome makao ya utawala alikuwa al-Kamil, mtoto wa ndugu yake. Watawala wakakaa huko hadi 1874, Khedive (mtawala wa Misri) Ismail alipohamia kasri la Abdin.

Kosa ninalolipenda ni la Kisima cha Yusuf. Kwa kuwa ni Misri, msikilizaji humkumbuka mara moja Nabii Yusuf aliyetupwa kisimani na nduguze. Yusuf wa hapa ni Salahuddin mwenyewe: jina lake la kuzaliwa ni Yusuf bin Ayyub. Kisima kilichongwa mwambani kwa kina cha zaidi ya mita 80, na ng'ombe walishushwa hadi katikati ili wazungushe gurudumu la kupandishia maji.

Husemwa pia kwamba ngome iliuokoa mji na majeshi ya Msalaba. Hayakuwahi kuizingira. Kinyume chake, mwaka 1798 wakazi walipoasi, Wafaransa waliokuwa wameikalia waligeuza mizinga na kuipiga mitaa ya Al-Azhar.

Na wale Wamamluki waliouawa ngomeni kwa hila ya Muhammad Ali mwaka 1811? Hadithi huwaua mezani, kijiko mkononi. Muhammad Ali aliwaalika kwenye sherehe ya mwanawe Tusun, aliyekabidhiwa jeshi la kwenda Uarabuni, na waliondoka salama. Walikuwa wakiteremka kwa msafara katika njia nyembamba ya kuelekea Bab al-Azab lango lilipofungwa mbele yao, risasi zikaanza kutoka juu.