Soko la Pamoja halimpi mgeni ardhi yetu

"Tutoke Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla majirani hawajatumalizia ardhi." Kauli hii imezunguka vijiweni Tanzania miaka mingi, na hofu yake naielewa, ardhi ndiyo tegemeo la mkulima. Ila Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatamka katika ibara ya 15 kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitafuata sera na sheria za kila nchi. Sheria yetu ya Ardhi ya 1999, nayo, haimgawii asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, awe Mkenya au Mjerumani. Tanzania ilisimama kidete kwenye mazungumzo hayo, na ilifanya vizuri.

Kwa hiyo kujitoa hakutalinda hata ekari moja zaidi. Atakayeumia ni mama anayevusha mchele wa Tanzania pale Namanga: mzigo usiozidi dola 2,000 anaujazia mpakani cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuthibitisha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, na halipi ushuru wa forodha.

Mwenye wasiwasi na ardhi afuatilie mikutano mikuu ya vijiji, maana huko ndiko maombi ya ardhi ya kijiji yanakojadiliwa.